Kusafiri kwa Ndege Kutoka Mwanza: Tiketi, Samaki, Barabara na Hali ya Hewa ya Ziwa

Uwanja wa Ndege wa Mwanza uko Wilaya ya Ilemela, kama kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Ziwa, mwinuko huo na barabara moja kubwa inayotoka mjini ndivyo vinavyoamua safari yako itaendaje. Hasara nyingi za abiria hapa zinazuilika: boksi la samaki lililovuja, mzigo uliozidi kilo, foleni ya asubuhi, au ndege ya kuunganisha iliyopangwa bila kuacha nafasi ya mvua.

Uwanja ulikotoka

Hadi 1977 anga la Mwanza lilikuwa la East African Airways, shirika la pamoja lililoanza kazi 1946. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika hilo nalo likafa, na tarehe 11 Machi 1977 Tanzania ikaanzisha Shirika la Ndege Tanzania, ATC. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza na Mwanza ikawa tegemeo kubwa la jeshi la anga upande huu wa nchi. Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilijaribu kulipua bohari ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Jeshi lilibaki na kambi yake jirani na njia ya kurukia. Kwa hiyo usipige picha za ndege, mnara au uzio, hata kama unataka tu kuwaaga nyumbani kwa picha ya simu. Ukikutwa utaombwa uifute, na maswali yanaweza kukuchukua muda wote uliokuwa nao kabla ya kupanda.

Mwanza iliingia pia kwenye historia ya utekaji nyara. Tarehe 26 Februari 1982, Boeing 737 ya ATC iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, hadi ikaishia Stansted, Uingereza. Unapoambiwa uvue mkanda na viatu kwa safari ya ndani ya saa moja na nusu, kumbuka kwamba ile nayo ilikuwa safari ya ndani.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA) ilianzishwa 1999 na ndiyo inayousimamia uwanja. Upande wa biashara, mwaka uliobadilisha mambo ni 2012. Fastjet ilianza kuruka tarehe 29 Novemba, na Dar–Mwanza ilikuwa moja ya njia zake mbili za kwanza. Shirika hilo halipo tena nchini, lakini lilifundisha watu wa Kanda ya Ziwa kuilinganisha tiketi ya ndege na ya basi. Miradi ya miaka iliyofuata ilileta mnara mpya wa kuongozea ndege na jengo la mizigo, na njia ya kurukia ina urefu wa zaidi ya mita 3,000.

Urefu huo una sababu. Kwenye mwinuko wa Mwanza shinikizo la hewa ni kama asilimia 88 tu ya lile la pwani, na joto la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Injini hupata nguvu kidogo na mabawa hubeba kidogo, hivyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndege kubwa zina nafasi ya kutosha hapa. Zile zinazokwenda viwanja vifupi vya jirani, kama Bukoba, lazima zihesabu uzito kwa makini, na mzigo wako unaweza kuachwa uje na ndege inayofuata. Ukiwa unakwenda huko, dawa, nyaraka na nguo za siku moja weka kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 1: Kununua tiketi na kuchagua saa

Hakikisha tiketi imeandikwa MWZ, herufi za utambulisho za uwanja wa Mwanza. Musoma ni MUZ, Bukoba ni BKZ. Herufi moja ikikosewa kwenye simu, kurekebisha hulipiwa, na wakati mwingine gharama ya kubadilisha inakaribia bei ya tiketi mpya. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho. "Mama Neema" halipiti kaunta.

Saa ya kuruka ndiyo watu wengi wanaichagua kwa bei peke yake, na hapo wanakosea. Ziwa lina tabia yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu ya mvua yakajengeka juu ya nchi kavu kuanzia mchana kwenda jioni. Usiku mambo hugeuka: maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote za nchi kavu kwenda ziwani, unakutana katikati, na radi hupiga juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Ndege ya alfajiri ya kuvuka ziwa kwenda Bukoba inaweza kukuta mabaki ya mvua hiyo, wakati ya kwenda Dar, inayoelekea kusini mashariki, inaondoka bila shida. Ajali ya tarehe 6 Novemba 2022, ambapo ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki, ilitokea asubuhi yenye hali mbaya ya hewa. Rubani akikwambia mnasubiri anga lifunguke, mwache asubiri.

Kwa hiyo, msimu wa masika (Machi hadi Mei) na wa vuli (Oktoba hadi Desemba), kwa safari ya Dar, chagua ndege ya asubuhi. Saa mbili au tatu asubuhi ni nzuri kuliko saa kumi na moja jioni, kwa sababu ya mvua na pia kwa sababu ndege moja huzunguka miji kadhaa kwa siku. Ikichelewa dakika 40 mji wa kwanza, kufika jioni ucheleweshaji umeshakuwa wa saa mbili. Kwa Bukoba, kinyume chake, ndege ya saa nne au tano asubuhi huwa na nafasi nzuri kuliko ya alfajiri.

Kama unaunganisha kwenda nje ya nchi kupitia Dar, acha angalau saa nne kati ya kutua na kuruka tena. Jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa Agosti 2019, ni tofauti na jengo la pili. Soma kwenye tiketi unashukia lipi na unapandia lipi, maana kuhama na mabegi, kuchukua mzigo na kuukabidhi upya hula muda. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali maana yake shirika la pili halina deni kwako wala halikungoji. Kama nchi unayokwenda inadai cheti cha homa ya manjano, chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Usiiache hadi wiki ya safari.

Hatua ya 2: Samaki

Anayetoka Mwanza mikono mitupu atajieleza nyumbani. Kwa hiyo samaki atabebwa, na kazi ni kumbeba vizuri. Mashirika ni makali kwa sababu ya kutu: maji ya samaki yana chumvi na mafuta, yakipenya chini ya sakafu ya sehemu ya mizigo hula bodi ya ndege, na kuisafisha ni kazi ya mafundi wa saa nyingi. Boksi likionekana na unyevu kwenye kaunta halipokelewi.

Nunua siku mbili kabla, asubuhi. Kirumba Mwaloni ndilo soko kubwa la dagaa na samaki wakavu, na liko upande huohuo wa jiji unaoelekea uwanjani. Usinunue sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 wala sato chini ya sentimita 25. Ni kosa kisheria, na afisa uvuvi akimpima kwa rula, kusema ulimkuta sokoni hakukusaidii. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya ndani ya sangara, usiyaweke kwenye begi kabisa. Ni bidhaa ya thamani kubwa yenye leseni na vibali vyake, na yakikutwa bila karatasi yatataifishwa.

Kwa minofu ya sangara na sato wabichi:

Waoshe, waache wachuje maji, kisha wafute kwa kitambaa safi. Maji yanayobaki juu ya samaki ndiyo yatakayovuja kwanza. Funga kila kilo moja kwenye plastiki ngumu ya chakula, uitandaze iwe bapa yenye unene wa sentimita 3 hadi 4. Bapa huganda hadi katikati usiku mmoja, lakini sato mzima wa kilo moja anahitaji saa 24, na sangara wa kilo tatu anahitaji saa 48 kwenye friza ya nyumbani iliyojaa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Samaki anaguswa nje, anaonekana jiwe, kumbe ndani bado ni laini, na kufika Dar boksi limeshalowa. Mjaribu kwa kuingiza ncha ya kisu kwenye sehemu nene. Ikiingia, mrudishe friza.

Pakia asubuhi ya safari, si usiku. Tumia boksi la povu lenye kuta za sentimita 3, au deli lenye mfuniko unaobana. Ndani tandika gazeti nene, juu yake mfuko mmoja mkubwa wa plastiki ngumu, kisha panga bapa zikibanana bila nafasi, kwa kuwa hewa iliyobaki katikati huyeyusha. Nafasi ikibaki, ijaze kwa magazeti. Funga mfuko kwa fundo, weka mfuniko, zungusha gundi ya karatasi (selotepu) mara tatu kwenye ungio lote, kisha lifunge boksi zima ndani ya kiroba au katoni. Andika jina na namba ya simu juu na pembeni, kwa kalamu isiyofutika. Kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usifike uwanjani umening'iniza samaki kwenye rambo.

Usiweke barafu ya maji wala chupa za maji yaliyoganda, kwani zitayeyuka. Samaki aliyeganda vizuri ni barafu ya kutosha, na kilo 15 kwenye boksi la namna hii hufika Dar bado wagumu hata ndege ikichelewa saa kadhaa. Barafu kavu (hewa ya kaboni iliyogandishwa) inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, kwa kibali cha shirika la ndege, na boksi lazima liwe na sehemu ya kutolea hewa. Kwa safari ya ndani huihitaji.

Dagaa wana taabu nyingine. Hawavuji, bali hunuka, na hunyonya unyevu wa ziwa. Chukua walioanikwa kwenye chanja au wavu. Wa mchangani watakuletea mchanga mezani hata uwaoshe mara tano. Vunja mmoja: akikatika kwa mlio ni mkavu, akijipinda bado ana maji na ataota ukungu ndani ya mfuko. Mfuko wa kwanza uwe wa plastiki ngumu uliobanwa hewa itoke, wa pili vilevile, kisha katoni. Samaki wa kubanika kwanza wafunge kwa karatasi ya kaki inayonyonya mafuta. Wakifungwa plastiki wakiwa na joto, huota ukungu. Kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, hutoa unyevu wa chumvi, kwa hiyo mpakie kama samaki mbichi.

Hatua ya 3: Kilo

Ndege kubwa za ndani kwa kawaida huruhusu kilo 23 za mzigo wa chini na kilo 7 za mkononi. Ndege ndogo kama Cessna Caravan huruhusu kilo 15, mkononi ukijumlishwa, na hutaka begi laini linalokunjika, si sanduku gumu. Boksi la povu tupu pamoja na gundi na kiroba hufika kilo 2, kwa hiyo kilo 23 ni kama kilo 21 za samaki, na nguo hazijaingia. Pima nyumbani. Mizani ya mkono ya kuning'iniza inauzwa madukani mjini na hugharimu chini ya kilo chache za ziada.

Mzigo ukiwa mkubwa, upeleke kama shehena, siku moja kabla. Shehena huhesabiwa kwa uzito au kwa ukubwa, kipi ni zaidi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Katoni ya dagaa ya 80 × 50 × 40 ni 160,000. Ukigawanya unapata karibu kilo 26.7. Hata mizani ikisoma kilo 18, utalipia 26.7. Kwa hiyo kandamiza dagaa, tumia katoni ndogo iliyojaa. Anayesafirisha kwa biashara aende kwanza kwa afisa uvuvi kuchukua kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi. Kwa soko la nje kuna cheti cha afya pia, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko hapahapa Nyegezi. Ukali huo una chanzo: kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara tatu, kwa bakteria, kipindupindu na sumu, na viwanda vya kanda nzima vikaumia.

Pawabanki na betri za akiba hukaa mkononi tu, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini. Kikomo ni wati-saa 100, yaani karibu mAh 27,000. Kwenye ndege za propela kama ATR na Q400 makabati ya juu ni madogo, na begi lako la magurudumu linaweza kuchukuliwa mlangoni mwa ndege likawekwe chini. Toa pawabanki kabla hujalikabidhi.

Hatua ya 4: Kufika uwanjani

Barabara ya Makongoro inatoka mjini kupitia Furahisha, Kirumba, Kona ya Bwiru na Pasiansi. Bila foleni ni nusu saa au pungufu. Kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, na jioni kuanzia saa kumi na moja, hesabu saa nzima. Daladala za Airport zipo mchana kutwa, lakini ukiwa na boksi la kilo 20 utalipia nafasi ya mtu. Bajaji ndiyo nafuu yenye nafasi. Bodaboda na boksi la povu haviendani, kwani matuta hupasua ungio la mfuniko. Nauli mpatane kabla ya kupanda.

Anayetoka njia ya Musoma, Magu au stendi ya Nyamhongolo hana haja ya kuingia mjini. Apite Buswelu na Kiseke, atokee Sabasaba, na uwanja uko mbele kidogo. Anayetoka Geita au Sengerema sasa anavuka Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025. Zamani kivuko peke yake kiliweza kula saa mbili. Lakini kutoka Usagara akipita Buhongwa, Nyegezi na mji mzima kuelekea kaskazini, kipande hicho ndicho kinachomchelewesha, si daraja.

Hatua ya 5: Ndani

Fika saa mbili kabla. Kaunta hufungwa dakika 45 hadi 60 kabla ya kuruka, kutegemea shirika, na ikishafungwa haifunguliwi hata kama ndege unaiona dirishani. Kitambulisho cha NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura vyote hukubalika kwa safari za ndani. Mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Mjamzito aliyepita wiki 28 aje na barua ya daktari. Baada ya wiki 36 mashirika mengi hayampokei.

Kwenye skana, boksi la samaki litafunguliwa mara kwa mara. Beba gundi ya karatasi ya akiba, na mkasi abaki nao mtu aliyekusindikiza, maana ukiwa nao wewe hautapita. Hakikisha kipande cha tagi unachopewa kina MWZ na mji unaokwenda, na ukibandike nyuma ya pasi yako ya kupandia.

Ndege ikichelewa, uliza mambo mawili: ndege iko wapi sasa hivi, na imezuiwa na nini. Kama bado haijaondoka mji wa mwisho, una muda wa kula. Kama ni mvua juu ya uwanja, kaa karibu na lango, kwa sababu mvua za hapa hukatika ghafla na abiria huitwa papo hapo.

Hatua ya 6: Ukitua

Subiri mzigo wako wote kabla ya kutoka ukumbini. Ukipungua au boksi likiwa limepasuka, ripoti palepale kaunta ya mizigo, jaza fomu na uondoke na nakala yake yenye namba. Ukishatoka nje, kuthibitisha kwamba ulipasukia ndani ya ndege ni vigumu. Kwa safari za kimataifa, malalamiko ya maandishi ya mzigo ulioharibika yafike ndani ya siku 7, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipoupokea.

Boksi lifungue siku hiyohiyo. Samaki waliolainika pembezoni lakini bado wana barafu katikati warudishe friza bila kuwafungua. Waliolegea kote lakini bado ni wa baridi, wapike siku hiyo. Walioshika joto usiwahurumie, hata kama ulilipa kilo za ziada.